Kunena kwa lugha: Ni nani anayeelewa?

Mwanasaikolojia wa Kimarekani, John Kildahl, aliyechunguza kwa miaka kadhaa desturi ya Wakristo ya kunena kwa lugha, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1972 kisa cha mtu mmoja aliyelelewa barani Afrika na wazazi wamishionari. Mtu huyo, akiwa mtu mzima, aliingia katika mkutano wa maombi ambako hakuna aliyemfahamu. Wakati wa waumini kunena kwa lugha ulipowadia, alisimama akaisema Sala ya Bwana kwa lugha ya Kiafrika aliyojifunza utotoni. Alipoketi, muumini mmoja aliyeaminiwa kuwa na karama ya kufasiri alieleza maana ya maneno yale. Ulikuwa ujumbe, alisema, kwamba Kristo yu karibu kurudi.

Kisa hicho huwachekesha baadhi ya watu na kuwaudhi wengine. Kwa msikilizaji wa Kiswahili kina uchungu wa pekee, kwa kuwa maneno yaliyopokewa kama ya kimbingu yalikuwa maneno ya watu wa kawaida, ya sokoni na shambani, ambayo mtu yeyote wa kabila lile angeyaelewa mara moja. Huenda aliyesimama siku ile alikuwa na nia ya kejeli, kama Kildahl mwenyewe alivyodokeza, na kisa kimoja hakitoshi kuhukumu imani ya mamilioni ya watu. Hata hivyo kinarejesha swali ambalo Wakristo wenyewe wamekuwa wakiulizana tangu karne ya kwanza: mtu anaponena kwa lugha, ni nani anayeelewa?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste, kuanzia Mbeya na Kisumu hadi Bukavu, na katika kumbi za kukodi ambako wazungumzaji wa Kiswahili hukutana kila Jumapili huko Uingereza, Marekani na Canada, kunena kwa lugha huhesabiwa kuwa dalili kwamba mtu amebatizwa kwa Roho Mtakatifu. Kuna makanisa ambako asiyenena hapewi kazi ya kuongoza kwaya, kufundisha watoto wala kuhudumu madhabahuni. Kuna vijana wanaokesha usiku baada ya usiku wakiomba wapewe karama hiyo, na wasipoipata huondoka wakidhani Mungu amewapita. Wengine husimulia baadaye, tena kwa aibu, kwamba walijilazimisha kutamka chochote kilichowajia kinywani ili mchungaji apate kuuondoa mkono wake vichwani mwao.

Ulimi mmoja, lugha mbili

Maandiko yenyewe yana sura mbili za jambo hili, na ugomvi mwingi umetokana na kuzichanganya. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya pili, wanafunzi wa Yesu walikuwa Yerusalemu siku ya Pentekoste. Walianza kusema kwa lugha nyingine, na umati wa watu waliotoka nchi nyingi, Waparthi, Wamedi, Wamisri na Waarabu miongoni mwao, ukashangaa kwa kuwa kila mmoja alisikia lugha ya kwao. Siku ile hakuna aliyehitaji mkalimani.

Miongo michache baadaye, mnamo mwaka 55 hivi, mtume Paulo alipokuwa Efeso aliliandikia kanisa la Korintho barua ambayo Wakristo wanaiita Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Humo mambo ni kinyume kabisa. Anayenena kwa lugha, asema Paulo katika sura ya 14, hasemi na watu bali na Mungu, kwa maana hakuna amwelewaye. Ndiyo sababu mtume anadai awepo mfasiri. Wanene wawili au watatu tu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, mnenaji akae kimya kanisani, aseme na Mungu moyoni mwake. Paulo anaongeza kwamba mgeni akiingia na kuwakuta wote wananena kwa pamoja, atadhani wamerukwa na akili. Na ijapokuwa yeye mwenyewe alijigamba kuwa ananena kwa lugha kuliko Wakorintho wote, alisema kwamba mbele ya kanisa angependelea maneno matano yenye kueleweka kuliko maneno elfu kumi yasiyoeleweka.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana tatizo la ziada. Kigiriki kina neno moja, glossa, linalotumika kwa kiungo kilichomo kinywani na pia kwa usemi wa taifa fulani. Kiswahili kwa kawaida huvitenga: kuna ulimi, na kuna lugha. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliandika ndimi pale panapotajwa moto, na lugha pale panapotajwa usemi. Uamuzi huo hauna kosa, lakini unamwelekeza msomaji upande mmoja kabla hajaanza kufikiri. Neno lugha linambeba moja kwa moja hadi kwenye sarufi, msamiati na taifa la watu wanaoelewana. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 nao walilisukuma wazo upande wa pili, kwa kuongeza katika Wakorintho neno "isiyojulikana", ambalo halimo katika Kigiriki. Kwa hiyo wahubiri wawili wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja akishika Biblia yake, kumbe wanabishania kazi ya wafasiri.

Baada ya karne za mwanzo, desturi hiyo ilififia. Yohane Chrysostom, mhubiri maarufu wa Antiokia mwishoni mwa karne ya nne, alikiri alipokuwa akiieleza barua ya Korintho kwamba sehemu hiyo ilikuwa na giza, kwa sababu mambo yaliyozoeleka zamani hayakuwa yakitokea tena. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha kwamba ile ilikuwa ishara ya wakati wake. Sasa, alisema, Kanisa lenyewe limeenea kwa mataifa na linasema lugha zote. Kutokana na hoja za namna hiyo wapo Wakristo hadi leo, hasa katika mapokeo ya Kiprotestanti yaliyoathiriwa na Benjamin Warfield wa Princeton na kitabu chake cha mwaka 1918, wanaoshikilia kwamba karama hiyo ilikoma pamoja na mitume.

Kutoka Topeka hadi Calcutta

Kunena kwa lugha kunakojulikana leo kuna tarehe na anwani. Tarehe 1 Januari 1901, katika shule ndogo ya Biblia mjini Topeka, jimboni Kansas, mwanafunzi aitwaye Agnes Ozman aliwekewa mikono na mwalimu wake, Charles Parham, akaanza kutamka maneno yasiyojulikana. Ilidaiwa kwamba alisema Kichina. Kwa Parham jambo hilo lilikuwa na maana ya dharura. Aliamini kwamba siku za mwisho zimekaribia, kwamba muda wa kuwapeleka wamishionari vyuoni haupo, na kwamba Mungu anawapa watu wake lugha za mataifa papo hapo ili Injili ifike kabla ya mwisho.

Mtu aliyeieneza imani hiyo duniani ni William Seymour, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Louisiana, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alipohudhuria mafundisho ya Parham mjini Houston, sheria na desturi za ubaguzi hazikumruhusu kuketi pamoja na wazungu, hivyo alisikiliza akiwa nje ya darasa, mlango ukiachwa wazi. Mwaka 1906 alikwenda Los Angeles, na Aprili mwaka huo mikutano yake ilihamia katika jengo kuukuu la barabara ya Azusa, namba 312. Weusi, wazungu, Wamexico na wahamiaji wa kila namna waliomba pamoja, jambo ambalo wakati huo liliwashtua Wamarekani wengi kuliko hata kule kunena kwa lugha. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari yake ya kwanza, iliyojaa dhihaka, tarehe 18 Aprili, siku ileile San Francisco ilipobomolewa na tetemeko la ardhi. Parham mwenyewe alipofika huko baadaye mwaka huo, alichukizwa na alichokiona, na watu hao wawili hawakupatana tena.

Sehemu inayofuata haihubiriwi mara nyingi, ingawa wanahistoria wa Kipentekoste wenyewe wameiandika bila kuficha. Miongoni mwa waliobatizwa kwa Roho pale Azusa walikuwa mchungaji Alfred Garr na mkewe Lillian. Garr aliamini kwamba amepewa Kibengali, lugha ya mashariki mwa India, na mkewe iliaminika amepewa lugha nyingine za Asia. Hawakusubiri. Waliondoka Los Angeles mwaka huohuo wa 1906, na mwanzoni mwa mwaka 1907 walikuwa Calcutta, mji ambao leo unaitwa Kolkata. Huko Garr alifanya jambo ambalo mnenaji yeyote angepaswa kulifanya ikiwa madai yake ni ya kweli. Alisema mbele ya watu wa lugha ile. Nao hawakumwelewa.

Garr hakurudi nyumbani kwa fedheha, wala hakuikana imani yake. Alihubiri kwa Kiingereza kwa wamishionari waliokuwepo, kisha yeye na familia yake wakaenda Hong Kong. Huko walitegemea mkalimani, mwalimu wa Kichina aitwaye Mok Lai Chi, ambaye alikuwa Mkristo kabla hawajafika. Mok hakuipata lugha ya Garr kwa muujiza. Alikisoma Kiingereza kama watu wote wanavyokisoma. Mapema mwaka 1908 alikuwa tayari anatoa gazeti la Kipentekoste kwa Kichina, na kanisa lililoota hapo lilikuwa lake kuliko la wageni. Familia ya Garr ilipata msiba mkubwa: binti yao mdogo alifariki dunia huko Hong Kong.

Garr aliendelea kunena kwa lugha katika maombi yake. Alichokiacha ni dai kwamba lugha hizo ni chombo cha kuhubiria mataifa. Wapentekoste wengi walifuata njia hiyo, tena kimyakimya, bila mkutano wowote kutangaza kwamba fundisho la kwanza limebadilishwa. Parham pekee, hadi alipofariki mwaka 1929, alishikilia kwamba lugha za kweli ni lugha za mataifa na kwamba mengine ni kelele. Mtu anaweza kumwona Parham kuwa mkaidi, lakini angalau alikubali dai linaloweza kupimwa. Baada ya Calcutta dai lilihamishwa mahali pasipofikika: kutoka lugha za wanadamu hadi lugha za malaika.

Ni haki kusema kwamba ushuhuda wa upande wa pili haukukosekana. Lucy Farrow, mwanamke mweusi aliyekuwa karibu na Seymour tangu Houston, alikwenda Liberia, na wenzake walisimulia kwamba aliwahubiria Wakru kwa lugha yao. Masimulizi ya aina hiyo yako mengi, na husimuliwa hadi leo: mgeni aliingia kanisani, akasikia lugha ya mama yake, akaokoka. Tatizo ni kwamba yote ni masimulizi. Ulimwengu umekuwa na vinasa sauti kwa zaidi ya karne moja, na hadi sasa hakuna kanda ya mnenaji iliyothibitishwa na wanaisimu kuwa ni lugha halisi ambayo hakuwahi kukutana nayo.

Masikio ya wanaisimu

Aliyesikiliza kanda hizo kwa makini zaidi ni William Samarin, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Toronto. Hakuwa mgeni wa lugha za Afrika wala adui wa dini. Aliishi katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, akaandika sarufi ya Kisango na kuichunguza lugha ya Kigbeya. Kitabu chake kuhusu kunena kwa lugha kilitoka mwaka 1972, baada ya kuhudhuria mikutano ya maombi katika nchi za Ulaya, Amerika Kaskazini na Jamaica.

Ili kuelewa alichokigundua, na tuchukue mfano wa Kiswahili. Anakula, alikula, atakula. Mtu asiyejua neno hata moja la Kiswahili, akipewa kanda ndefu na subira, atagundua siku moja kwamba vipande vya "na", "li" na "ta" vinabadilishana mahali palepale na kwamba kipande cha mwisho kinabaki vilevile. Hata kabla ya kujua maana, ataona kwamba kuna utaratibu. Lugha zote zilizochunguzwa duniani zina utaratibu wa namna hiyo. Katika kanda za wanenaji, Samarin aliukosa. Alipata silabi zilizopangwa vizuri kwa mapigo na pumzi, zenye kupanda na kushuka kama sentensi, lakini zisizo na vipande vinavyorudi kwa mpango wa maana. Sauti zenyewe, kwa sehemu kubwa, zilitoka katika lugha ambazo mnenaji alikuwa anazijua tayari, zikiwa zimerahisishwa: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu.

Hapo wazungumzaji wa Kiswahili wanaweza kutabasamu kidogo, maana silabi za namna hiyo zinafanana sana na zetu. Mfululizo wa "shaba" na "raba", ambao watu wengi wa Afrika Mashariki wameuzoea kutoka kwenye mikesha na vipaza sauti, umetengenezwa kwa silabi ambazo kila mtoto wa darasa la kwanza huzisoma ubaoni. Shaba ni madini ya Katanga, na raba ni viatu. Kama mnenaji wa Dodoma angetamka ghafla vidoko vya Wahadza wa Ziwa Eyasi, bila kuwahi kuwasikia, hilo lingewashughulisha wanaisimu kweli.

Samarin hakuhitimisha kwamba wanenaji ni waongo au wagonjwa. Aliandika kwamba ni watu wa kawaida, wenye akili timamu, na kwamba wanachokifanya kina maana ya kidini hata kama hakina maana ya kisarufi. Katika hilo alitofautiana na mwanaanthropolojia Felicitas Goodman, aliyewachunguza waumini wa Mexico na Marekani na kuona kwamba kunena hutokana na hali ya kupagawa. Mwaka 2006, Andrew Newberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipima mzunguko wa damu ubongoni mwa wanawake watano, kwanza wakiimba nyimbo za injili, kisha wakinena kwa lugha. Waliponena, shughuli katika sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujitawala na kupanga mambo, ilipungua. Wanenaji wengi walifurahi, kwa kuwa ndivyo wanavyoeleza wao wenyewe: si mimi ninayeongoza. Watu watano ni wachache mno kwa hitimisho kubwa, na kipimo cha damu hakiwezi kusema ni nani anayeongoza pale mwenyewe anapoacha.

Kilichoharibika zaidi katika uchunguzi huo wote ni upande wa tafsiri. Kildahl alichukua kanda ya mtu mmoja akinena, akaicheza kwa wafasiri mbalimbali, kila mmoja peke yake. Majibu hayakukaribiana. Alipowauliza kuhusu tofauti hizo, alijibiwa kwamba Mungu humpa kila mfasiri tafsiri yake. Jibu hilo haliwezi kukanushwa, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kumlinda mtu. Muumini anayeambiwa kwa njia ya tafsiri avunje uchumba, au atoe sadaka ya akiba yake ya ada, hana mahali pa kukata rufaa.

Walokole, Waroho na pepo

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, nayo si ile inayodhaniwa. Neno mlokole, ambalo mitaani leo humaanisha Mpentekoste, lilitoka kwa Balokole wa Uganda, watu wa ule Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Watu wa Uamsho walilia, walitetemeka, waliimba usiku kucha, lakini hawakufanya kunena kwa lugha kuwa alama ya wokovu. Alama yao ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha vya watu: ng'ombe aliyeibwa, deni lililofichwa, chombo kilichochukuliwa katika nyumba ya mwajiri. Wengi wao walibaki katika makanisa yao ya Kianglikana na Kilutheri, wakiwasumbua maaskofu kutoka ndani.

Magharibi mwa Kenya mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1927, katika misheni ya Waquaker huko Kaimosi, waumini wa Kiluhya walipata uamsho wa Roho uliojaa maombi ya sauti kuu na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliupinga, na waliofuata Roho wakatengwa. Kutokana nao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo yapo hadi leo. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba hunyimwa nafasi kwa kutonena akumbuke kwamba babu zake huenda walifukuzwa kwa kunena.

Katika Katanga, wamishionari wa Kipentekoste William Burton na James Salter walifika Mwanza mwaka 1915 (si Mwanza ya Ziwa Victoria), na mwaka 1920 ukatokea hapo uamsho mkubwa ambao bado unakumbukwa miongoni mwa Waluba. Burton aliamini karama ya lugha kwa moyo wote. Hata hivyo Kiluba alikisoma, akakimudu, akakusanya na methali zake nyingi. Wakati huo somo la Calcutta lilikuwa limekwisha eleweka.

Kuna jambo lingine ambalo wahubiri wa pwani hulizungumza kwa sauti ya chini. Mombasa, Unguja na Pemba zina mapokeo ya zamani ya pepo, ambamo mtu aliyepandwa na pepo husema kwa usemi usio wake, na pepo hutambulika kwa kabila lake: wa kiarabu, wa kihabeshi, wa kimasai na wengineo. Mchungaji anayehubiri Mombasa hana budi kueleza tofauti. Wengine husema tofauti ni jina linalotajwa, wengine kwamba ni matunda yanayofuata. Inafaa kutambua kwamba katika ngoma za pepo fundi hamwachi pepo anene tu. Humuuliza: wewe nani, watoka wapi, wataka nini? Pepo lazima ajibu kwa maneno yanayoeleweka, ama sivyo shughuli haiendelei. Paulo naye, kabla ya kuingia katika habari za karama, aliwakumbusha Wakorintho sanamu walizoziabudu zamani. Bila shaka alijua kwamba msisimko peke yake hausemi umetoka wapi.

Sharti lililoongezwa

Kanisa la Assemblies of God la Marekani, katika tamko lake la imani la mwaka 1916, liliandika kwamba ishara ya kwanza ya nje ya ubatizo wa Roho ni kunena kwa lugha, na makanisa mengi yaliyotokana na wamishionari wa Kipentekoste yalilichukua fundisho hilo. Ni vyema kulieleza kama wenyewe wanavyolieleza. Hawasemi kwamba asiyenena hajaokoka. Hutofautisha kati ya lugha kama ishara, inayomfuata kila abatizwaye kwa Roho, na lugha kama karama ya kanisani, ambayo si ya wote. Husisitiza kwamba katika Matendo sura ya 2, ya 10 na ya 19 waliompokea Roho walinena.

Wapinzani hujibu kwamba katika Samaria, sura ya 8, lugha hazitajwi, na kwamba Paulo aliwauliza Wakorintho kama wote hunena kwa lugha kwa namna ambayo jibu lake ni hapana. Husema pia kwamba aya za mwisho za Injili ya Marko, zinazotaja lugha mpya, hazimo katika hati mbili za kale zinazoheshimiwa zaidi. Pingamizi lilitokea hata ndani ya nyumba: F. F. Bosworth, mmoja wa wahubiri wakubwa wa kanisa hilo, alijiuzulu mwaka 1918 kwa sababu hakukubali kwamba ishara ni lazima iwe hiyo moja. Seymour mwenyewe, baada ya ubaguzi wa rangi kuusambaratisha umoja wa Azusa, alisisitiza kwamba upendo ndio ushahidi. Alikuwa amewaona watu walionena kwa lugha na kumdharau ndugu yao mweusi siku hiyohiyo.

Fundisho la vitabuni, hata hivyo, likishuka hadi mkesha wa Ijumaa hubadilika. Tofauti kati ya ishara na karama husahaulika, na kinachobaki ni foleni ya watu mbele ya madhabahu. Anayeshindwa huambiwa alegeze ulimi, arudie neno moja harakaharaka, asifikiri. Hapo ndipo dai linapojivunja lenyewe, maana kitu kinachofundishwa kwa mazoezi ya mdomo hakiwezi wakati huohuo kuwa uthibitisho kwamba Mungu amefanya jambo ndani ya mtu. Uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2006, uliofanywa katika nchi 10, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba katika 6 kati ya nchi hizo angalau Wapentekoste 4 kati ya kila 10 walisema hawaneni kamwe kwa lugha. Hao si watu wa nje. Ni waimbaji, wazee wa kanisa na akina mama wa maombi, na wengi wao hawathubutu kusema hivyo mbele ya wenzao.

Kukataza nako kumeumiza. Mwaka 2005, bodi ya misheni ya kimataifa ya Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani ilipitisha sera ya kutowaajiri wamishionari wanaonena kwa lugha, hata wale wanaofanya hivyo faraghani tu. Sera hiyo iliondolewa mwaka 2015. Kwa miaka kumi, mtu angeweza kukosa kazi kwa sababu ya yale aliyomwambia Mungu akiwa peke yake chumbani, ambayo Paulo aliyaruhusu waziwazi. Wakatoliki wa Karismatiki, ambao harakati zao zilianza mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Duquesne mjini Pittsburgh, wamechukua njia ya katikati: anayenena anene, asiyenena asihesabiwe kuwa pungufu.

Katika makusanyiko ya Wakongomani na Warundi waliohamia Marekani, mahubiri mara nyingi hutolewa kwa Kiswahili, na mkalimani husimama pembeni mwa mhubiri akiyageuza kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana waliozaliwa au kukulia ugenini. Sentensi moja, kisha nyingine, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kisha maombi hupamba moto, mhubiri hufumba macho na kuanza kunena kwa lugha, na kanisa zima hupaza sauti pamoja naye. Mkalimani hushusha kipaza sauti. Vijana wa viti vya nyuma, waliokuwa wakimtegemea tangu mwanzo wa ibada, humtazama, naye husubiri mhubiri arejee katika Kiswahili.